Sauti Isiyosema Neno: juu ya uimbaji wa Cocteau Twins

Wimbo ni nini? Ukiuliza hivi mbele ya waseminari, wengi watajibu bila kukawia: wimbo ni maneno yaliyovikwa sauti. Jibu hili lina ukweli wake. Katika korali zetu tunasahihisha kwanza maneno, kisha sauti. Mwimbaji anayemeza silabi anaonywa, na mwalimu anamwambia afungue kinywa ili watu wasikie. Basi tuseme nini juu ya mwimbaji aliyemeza maneno kwa makusudi, miaka karibu kumi, na watu wa mataifa mengi wakamsikiliza na kumpenda?

Tunasema juu ya orkestra ya Uskoti iliyoitwa Cocteau Twins, na zaidi juu ya mwimbaji wake, Elizabeth Fraser. Orkestra hii ilivunjika mwaka 1997, lakini disiki zake hazikufa. Siku hizi vijana wanazipata katika simu zao, na kati ya waseminari pia kuko wanaozisikiliza. Wengine wanazisifu kupita kiasi. Wengine wanacheka na kusema: huyu ni mtu anayesema katika usingizi. Sisi tumezisikiliza mara nyingi, kwa uvumilivu, na hatufichi kwamba kazi ilikuwa ngumu. Sehemu moja yake ingali ngumu. Lakini tunaona kwamba ugumu wenyewe una fundisho, nao unastahili kupimwa vema, bila haraka ya kusifu wala ya kucheka.

I. WALIKUWA NANI

Grangemouth ni mji wa bandari na viwanda, pembeni ya ghuba ya Forth. Wakati ule ulijulikana hasa kwa kiwanda chake kikubwa cha kusafisha petroli. Huko, mwaka 1979, Robin Guthrie, mpiga gitari, na Will Heggie, mpiga gitari ya besi, walianza kupiga pamoja. Mwaka 1981 walimpokea Elizabeth Fraser, msichana ambaye hakuwa bado na miaka 20.

Jina la orkestra lisitudanganye. Mwenye kusoma Kifransa atamkumbuka mara moja Jean Cocteau, mwandishi wa Ufaransa, naye atafikiri kwamba hapa kuna mafundisho yaliyofichwa. Hakuna. Walilichukua tu katika wimbo wa zamani wa orkestra nyingine ya Uskoti, Simple Minds. Mapacha hawakuwamo. Hapo mwanzoni tunaona tayari tabia yao: wanapenda jina kwa mlio wake kuliko kwa maana yake.

Disiki yao kubwa ya kwanza, Garlands, ilitoka mwaka 1982 kwa 4AD, nyumba ndogo ya disiki ya London, mojawapo ya zile zilizotaka kujitegemea mbali na makampuni makubwa. Mwaka 1983 Heggie aliondoka, na mwaka ule ule Simon Raymonde akaingia. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Walitumia mashini ya kupiga ngoma. Gitari ya Guthrie haisikiki kama gitari ya rumba yetu, ambamo kila uzi unadondoka wazi kama tone la maji. Yeye aliipitisha katika vifaa vya umeme vinavyourudisha mlio na kuupanua, hata ikawa kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Ndani ya ukungu ule sauti ya Fraser inatembea.

II. SHIDA ZETU

Shida ya kwanza ni maneno yenyewe. Unasikia silabi zinazofanana na Kiingereza, kisha zinatoroka. Unadhani umekamata neno moja. Unarudia, nalo limekuwa jingine. Wasikilizaji waliojaribu kuandika maneno ya nyimbo zile hawapatani hata leo: mmoja anaandika hivi, mwenzake anaandika vile. Fraser mwenyewe alieleza mbele ya waandishi wa magazeti kwamba aliokota maneno mengi katika vitabu na kamusi za lugha asizozijua, kwa sababu alipenda mlio wake, na kwamba maneno yale hayakuwa na maana kwake mpaka alipoyaimba. Mtu aliyefundishwa kutafuta kwanza maana ya sentensi, halafu uzuri wake, anakwama hapa.

Shida ya pili ni mwendo wa sauti. Waimbaji wengi wana nyumba yao: huyu anaimba kwa sauti ya kifua, yule kwa sauti ya kichwa, na wanapovuka toka moja kwenda nyingine wanajitahidi tusione mlango. Fraser anauacha mlango wazi. Anatetemesha sauti, anaivunja, anairusha juu ghafula kama ndege aliyeshtushwa, kisha anairudisha chini. Katika wimbo Carolyn's Fingers, wa disiki Blue Bell Knoll ya mwaka 1988, anapanda na kushuka kwa wepesi wa waimbaji wa opera, lakini bila hadithi ya opera na bila maneno yake. Sikio linauliza: anakwenda wapi?

Shida ya tatu ni wingi. Katika studio aliweka sauti yake juu ya sauti yake mwenyewe, mbili, tatu na zaidi. Moja inakwenda chini polepole, nyingine inacheza juu, nyingine inapita katikati. Wote ni mtu mmoja. Tumezoea korali ya watu wengi wanaotaka kuwa sauti moja. Hapa ni mtu mmoja anayejifanya wengi. Msikilizaji hajui amfuate nani.

Shida ya nne haikutoka kwao. Imeletwa na wasifu wao. Katika miaka ya 1980 waandishi wa magazeti ya muziki katika Uingereza walimwagia Fraser sifa zisizo na kipimo, hata wakafika kuiita sauti yake sauti ya Mungu. Maneno ya namna hiyo hayamsaidii mtu yeyote. Yanamfunga kinywa mwenye kuuliza, na yanamfanya mwimbaji mwenyewe kuwa sanamu. Fraser ana sauti ya mwanamke wa Grangemouth. Tutaisikia vizuri zaidi tukimwacha awe mtu.

III. HAWEZI, AU HATAKI?

Mtu atasema: anaficha maneno kwa sababu hajui kuyasema vema. Neno hili linaweza kupimwa, na jibu lake liko wazi.

Mwaka 1983, Ivo Watts-Russell, mkuu wa 4AD, aliwakusanya waimbaji na wapigaji chini ya jina This Mortal Coil. Fraser aliombwa aimbe Song to the Siren, wimbo uliotungwa na Tim Buckley na Larry Beckett wa Marekani. Guthrie alipiga gitari peke yake, kwa mbali. Hapo maneno yanasikika. Mseminari aliye na Kiingereza kidogo anaweza kuyafuata mpaka mwisho. Sauti haikimbii, inakaa juu ya kila neno kwa muda wake, halafu inaliacha. Wimbo huu ulidumu majuma 101 katika orodha ya disiki za nyumba zinazojitegemea katika Uingereza. Miaka 15 baadaye, mwaka 1998, aliimba Teardrop pamoja na Massive Attack wa Bristol. Maneno aliyaandika mwenyewe, na huko pia mengi yanasikika.

Basi mtu huyu anajua kutamka. Alipoacha kutamka, aliacha kwa kupenda. Jambo hili linabadili swali letu. Hatuulizi tena: ana upungufu gani? Tunauliza: alitafuta nini, naye alikipata?

Tukumbuke neno jingine. Mwaka 2001, katika filimu ya kwanza ya The Lord of the Rings, Fraser aliitwa aimbe maombolezo katika lugha zilizotungwa na J. R. R. Tolkien, lugha ambazo hakuna kabila linalozisema nyumbani. Tunaweza kuelewa kwa nini waliotengeneza filimu walimfikiria yeye. Walitaka mtu anayeweza kulia katika lugha isiyojulikana na watu wakajua kwamba analia.

IV. TUTENGANISHE

Mwalimu wa filosofia alitufundisha kutenganisha kabla ya kuhukumu. Tutenganishe basi. Kuimba bila maneno wazi kunaweza kuwa mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuacha maneno kwa sababu hana la kusema, akafunika utupu kwa mlio mtamu. Mtu mwingine anaweza kuacha maneno kwa sababu kile anachobeba kimezidi maneno. Kwa nje wanafanana. Kazi ya mwenye kusikiliza ni kujua yupi ni yupi.

Namna hii ya pili si ngeni kwetu. Mtakatifu Agostino, katika mafasirio yake ya Zaburi, anaeleza juu ya watu wanaovuna shambani. Wanaanza kuimba kwa maneno. Kisha furaha inawajaa hata maneno hayatoshi, nao wanaacha silabi na kubaki na sauti tu. Aliyeimba Aleluya ya Kigregoriano anajua jambo hili kwa koo lake mwenyewe: vokali ya mwisho inachukuliwa, inapandishwa, inazungushwa, noti nyingi juu ya herufi moja, wala hakuna anayeuliza noti zile zinasema nini.

Katika vijiji vyetu pia tunalijua. Mama anayembembeleza mtoto hana haja ya sentensi. Wanawake wanaopiga vigelegele kwenye arusi hawatoi hotuba. Hata mjini: tangu mwaka 1933 disiki za Cuba ziliuzwa katika Afrika, na waimbaji wa Léopoldville wa miaka ya 1940 na 1950 walipenda kuimba maneno ya mlio wa Kispanyola, ingawa wengi wao hawakuisema lugha ile. Watu walicheza, na rumba ya Kongo ikakua. Tena, msikilizaji wa Bukavu au wa Lubumbashi asiyejua Lingala vema hakungoja kamusi ili apende wimbo wa Kinshasa.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi. Faye Wong, mwimbaji mashuhuri wa Hong Kong na China, alizichukua nyimbo za Cocteau Twins mwaka 1994 akaziimba kwa lugha yake. Mwaka 1996 wao wenyewe walimpa nyimbo kwa ajili ya disiki yake Fuzao. Angalieni: nyimbo ambazo hata Waingereza hawakupatana juu ya maneno yake zilihamia katika Kichina pasipo shida kubwa. Kilichohama hakikuwa maana ya sentensi. Kilikuwa umbo la sauti: inapanda wapi, inakaa wapi, inakata pumzi wapi.

Lakini hapa tusimame, kwa maana mifano hii yote ina jambo moja ambalo wasifu wa Fraser wanalisahau. Wavunaji wa Agostino wanaanza kwa maneno. Vokali ndefu ya Aleluya inaota juu ya neno Aleluya kama tawi juu ya shina. Mama wa mtoto ana mtoto mikononi. Vigelegele vina arusi yake. Kila mara kuko kitu kinachoishika sauti, neno au tendo au mtu. Sauti inakwenda mbali, lakini tunajua inatoka wapi. Hii ndiyo kanuni tunayotaka kuitumia: sauti inaweza kuacha maneno, lakini lazima iwe imetoka mahali.

V. PALE WANAPOSHINDWA, PALE WANAPOSHINDA

Tukipima disiki zao kwa kanuni hii, tunaona kwamba hazilingani.

Treasure, ya mwaka 1984, ndiyo inayosifiwa na wengi. Ina nyimbo kumi, na karibu kila moja inaitwa kwa jina kama la mtu: Lorelei, Beatrix, Persephone, Amelia, na nyingine. Mseminari ataona humo pia jina Aloysius, naye atafurahi. Lakini asitafute ndani yake maisha ya Aloysius Gonzaga. Ni jina lililopendwa kwa mlio, sawa na jina la orkestra yenyewe. Guthrie alisema baadaye kwamba yeye haipendi disiki hii. Sisi hatumfuati mpaka mwisho. Katika Lorelei mashini ya ngoma inapiga kwa nguvu, gitari inang'aa, na sauti mbili za Fraser zinasukana juu ya mpigo ule bila kupotea. Mpigo ndio shina lake. Hatujui maneno, lakini tunajua tumesimama wapi. Nyimbo nyingine za disiki hii zinatuachia mapambo matupu, kama altare iliyojaa maua hata mtu haioni meza.

Victorialand, ya mwaka 1986, imechukua jina lake katika nchi ya barafu ya Antaktika. Ngoma karibu hakuna, Raymonde hayumo, gitari na sauti zinaelea. Ni disiki fupi, karibu nusu saa. Mwanzo wake ni mzuri sana, nasi tunaelewa wanaoipenda kwa saa za usiku. Hata hivi, hapa ndipo shida yetu inapobaki. Mpigo umeondolewa, maneno yameondolewa, na hakuna kilichowekwa mahali pake isipokuwa uzuri. Sauti inatembea vizuri lakini haiendi mahali. Baada ya nyimbo chache sikio linalala, nalo halina kosa. Uzuri usiozuiwa na kitu chochote unachosha, kama sukari bila chai.

Heaven or Las Vegas, iliyotoka mwezi wa Septemba 1990, ni jambo jingine. Ilifika nafasi ya saba katika orodha ya disiki za Uingereza, lakini si juu ya hiyo tunaitaja. Fraser alikuwa amekuwa mama mwaka 1989. Raymonde alifiwa na baba yake, Ivor Raymonde, mwanamuziki naye, mwaka 1990. Kuzaliwa na kufa viliingia katika chumba kile cha kazi karibu wakati mmoja, na sauti ikapata mahali pa kutoka.

Sikilizeni wimbo wa kwanza, Cherry-Coloured Funk. Unaanza bila haraka. Fraser anaimba chini, kwa sauti nzito, karibu na kusema. Maneno yanakaribia kusikika, mengine tunayashika. Kisha, kwenye kiitikio, sauti inaruka juu, nyembamba na angavu, na hapo maneno yanayeyuka. Mpango huu si bahati. Anapokuwa chini yuko pamoja nasi kwa maneno. Anapopanda anaacha maneno nyuma, na sisi tulioanza naye tunajua anapanda kwa sababu gani. Ni mwendo ule ule wa wavunaji: kwanza neno, kisha kile kinachozidi neno. Hapa hatuna tena haja ya kuvumilia uimbaji wa Fraser, tunaufuata.

Mtu atapinga: ikiwa maneno yaliyokaribia kusikika yaliufanya wimbo kuwa bora, basi maneno yaliyo wazi kabisa yangeufanya kuwa bora zaidi. Tunajibu: hapana, na ushahidi uko. Mwaka 1993 walitoa Four-Calendar Café, disiki yao ya kwanza baada ya kuiacha 4AD na kuingia kwa Fontana, nyumba ya kampuni kubwa. Humo Fraser anatamka wazi kuliko zamani. Nyimbo ni njema, na wimbo Evangeline unagusa moyo. Lakini zimekuwa ndogo. Sauti imejifunza adabu. Haivuki tena mpaka kwa ghafula. Inalitumikia neno, na neno peke yake si zito sana. Kumbe neno wazi si dawa ya kila kitu, sawa na vile neno lililofichwa si ugonjwa. Kinachofaa ni mwendo kati ya mawili: kutoka katika neno, na kujua lini kuliacha.

VI. FAIDA KWETU

Kwa nini mapadri na wakatekista wapoteze saa zao kwa jambo hili? Hatusemi kwamba uimbaji wa namna hii uingizwe katika korali za parokia. Huko watu wanakuja kusali pamoja, na anayeimba kwa ajili ya wengine anapaswa kusikika. Faida tunayoiona ni nyingine.

Sisi ni watu wa neno. Tunasoma neno, tunafafanua neno, tunahubiri neno. Kazi hii ni njema, lakini ina hatari yake: tunazoea kumwuliza kila mtu, hata kabla hajakaa, «Unasema nini?», na asiyeweza kujibu kwa sentensi tunamhesabu kama hana la kusema. Lakini kwenye matanga, mama aliyefiwa akilia, ni nani atakayemwuliza hivi? Kilio chake si sentensi, wala si upuzi. Mzee anayeugua mbali na watu wa kabila lake anaita kwa lugha tusiyoijua. Anayekaa karibu naye anasikia woga wake au utulivu wake kabla ya kumpata mtu wa kufasiri. Sikio linaloweza kusikia hivi halipatikani bure. Linazoezwa. Muziki ni mojawapo ya mahali pa kulizoeza, na muziki mgumu unalizoeza zaidi kuliko ule mwepesi.

Kanuni ile pia inatulinda upande wa pili. Tumewasikia wasemaji wenye sauti tamu, inayopanda na kushuka, inayotetemesha watu, na baada yake hakuna anayeweza kusema ilitoka wapi na inakwenda wapi. Aliyejifunza kutenganisha kati ya Victorialand na Heaven or Las Vegas amejifunza kidogo kutenganisha pia kati ya msemaji aliyejaa na msemaji anayepamba utupu.

VII. NAMNA YA KUSIKILIZA

Kwa anayetaka kujaribu, tunatoa mashauri machache.

Kwanza, asianze na Treasure kwa sababu tu inasifiwa, wala na Garlands kwa sababu ni ya kwanza. Aanze na Song to the Siren, ambamo neno linasikika. Hapo atajua sauti ya mtu huyu kabla haijavaa nguo zake nyingi.

Pili, aende Heaven or Las Vegas, naye aisikilize yote, nyimbo kumi, bila kuikata. Ni dakika chini ya arobaini. Asifungue simu kutafuta maneno yaliyoandikwa na wasikilizaji wengine. Yatamfanya asome badala ya kusikia, tena mengi ni ya kubahatisha.

Tatu, afuate kwanza sauti ya chini. Katika nyimbo zenye sauti nyingi, ile ya juu inavuta sikio kama mtoto mwenye makelele, lakini ya chini ndiyo inayobeba nyumba. Akiisha kuijua, ya juu itapata mahali pake yenyewe.

Nne, aangalie pumzi. Mwimbaji anavuta pumzi wapi? Anaikata wapi? Asiyesema maneno anasema kwa pumzi, na humo ndimo tunapojua kama anasukumwa na kitu au anacheza tu.

Tano, asijilazimishe kupenda kila kitu. Baada ya kusikiliza kwa haki, anayesema «Huu haunifai» amefanya kazi yake sawasawa na anayesema «Huu ni mzuri». Anayecheka baada ya dakika moja hajafanya kazi yoyote. Na anayesema kwamba ni sauti ya mbinguni, kwa sababu gazeti lilisema hivyo, naye hajafanya.

Hukumu yetu basi ni hii. Kwa Elizabeth Fraser tunakubali kwamba mtu anaweza kuimba kweli bila kusema neno linaloeleweka. Alilifanya, na disiki ya mwaka 1990 ni shahidi wake. Hatukubali kwamba kila alichoimba bila neno kilikuwa kimejaa. Sehemu ya kazi ya Cocteau Twins ni mapambo, na mapambo yanapita. Sehemu nyingine ni sauti ya mtu aliyeshika kitu kizito, akakiinua juu ya maneno yake kwa sababu maneno hayakufika pale. Hii tutaendelea kuisikiliza, hata kama tutaendelea kutokujua, silabi kwa silabi, alisema nini.